Je, sala ya mwanamke asiyefunika kichwa haifiki kwa Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mwaka jana mimba yangu ya pili ilitoka ikiwa na miezi mitano. Mama anayeongoza kikundi chetu cha maombi aliniambia chanzo ni mimi kusali kichwa wazi, kwa kuwa malaika hukaa mbali na mwanamke asiyejifunika na sala yake haivuki dari. Akanipa kitambaa cheupe. Tangu hapo nalala nimekifunga, ili nikiamka usiku niweze kusali. Siku nyingine naamka nakikuta kimeanguka sakafuni, nabaki nalia. Je, alichosema ni kweli? Na kufunika kichwa kuna maana gani hasa katika imani yetu?

JIBU: Binti yangu, pole. Naanza na pole ya mtoto, kwa sababu katika barua yako yote sioni mahali ulipopewa pole hiyo. Walikimbilia kutafuta kosa. Maswali ya mavazi kwa kawaida nayaacha yapite, yana kelele nyingi. La kwako nimeshindwa kuliacha.

Si kweli. Sala zako zilisikiwa, na mimba yako haikutoka kwa sababu ya kitambaa. Wanafunzi walipomwona yule kipofu wa tangu kuzaliwa waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Huyo mama wa kikundi amerudia swali la wanafunzi, ila yeye hakungoja jibu.

Najua andiko wanalosimamia: 1 Wakorintho 11. Basi tulisome lote. Paulo anasema mwanamke asalipo au anapohutubu bila kufunika kichwa, "yuaaibisha kichwa chake". Anazungumzia aibu na heshima mbele ya watu wa kusanyiko. Sala kukataliwa hakumo, wala mbingu kufungwa, wala tumbo kuadhibiwa. Tena angalia mstari huo unachukulia kwamba mwanamke anasali na kuhutubu hadharani. Nimeona wanaoushika mstari huo kwa ajili ya kitambaa wakiusahau mara tu mwanamke anapoomba kusimama mimbarani. Ama washike wote, ama wanyamaze.

Korintho yenyewe ilikuwa koloni la Warumi, iliyojengwa upya kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo. Warumi wanaume walipotoa dhabihu walivuta upindo wa vazi wakaupandisha kichwani. Sanamu ya Kaisari Augusto akiwa amejitanda hivyo imefukuliwa hapo hapo Korintho. Kwa hiyo Paulo anapowaambia wanaume wasifunike na wanawake wafunike, anasema na watu ambao kwao nguo ya kichwani ilikuwa lugha, na kila mmoja aliisoma.

Sasa hao malaika. Mstari wa 10 katika Biblia yetu ya Union unasema mwanamke awe na "dalili ya kumilikiwa kichwani, kwa ajili ya malaika". Katika Kigiriki neno "dalili" halimo; liliongezwa na wafasiri ili kufafanua. Lililopo ni exousia, yaani mamlaka, neno lile lile alilotumia Bwana mlimani Galilaya aliposema amepewa mamlaka yote. Tertulliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 3, aliwahusisha malaika hao na wale wana wa Mungu wa Mwanzo 6 waliowatamani binti za wanadamu. Wengine wameona ni malaika wanaoshuhudia ibada na kupenda utaratibu wake. Mafafanuzi ni mengi, lakini mstari wenyewe hausemi popote kwamba malaika humkimbia mwanamke kwa sababu ya nywele zake. Waebrania 1 yasema ni roho watumikao, wakitumwa kuwahudumu watakaourithi wokovu. Mtumishi gani huyo anayemwacha mgonjwa kitandani kwa sababu mtandio umeteleza?

Mkumbuke yule mwanamke wa Luka 7, aliyeingia nyumbani kwa Simoni Farisayo. Alimpangusa Yesu miguu kwa nywele za kichwa chake. Nywele ndizo zilizokuwa taulo! Simoni akaona aibu tupu. Yesu akamgeukia akamwuliza, "Wamwona mwanamke huyu?" Kisha akamwambia mwanamke imani yake imemwokoa, aende kwa amani.

Umeuliza maana, na hapa ningekaa siku nzima. Katika Maandiko utaji haufuniki uchafu, unafunika utukufu. Musa alijitia utaji kwa sababu uso wake ulikuwa unang'aa. Pazia la hema ya kukutania, la samawi na zambarau na nyekundu, lenye makerubi waliofumwa, lilisitiri kiti cha rehema. Kuhani mkuu alipita nyuma yake mara moja tu kwa mwaka. Rebeka alipomwona Isaka akija shambani alitwaa shela akajifunika, na shela ya bibi harusi inasema jambo hilo hilo: hapa pana kitu cha thamani, usikikaribie kwa pupa. Mtawa akivaa veli, husema yeye ni wa Bwana. Ni ishara nzuri, na anayeivaa kwa upendo asichekwe.

Lakini Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini. Toka juu, binti yangu. Mkono wa mtu haukufika huko. Waebrania 10 wanaliita pazia hilo mwili wake. Na Paulo yule yule, akiwaandikia Wakorintho wale wale mara ya pili, anasema sisi sote twautazama utukufu wa Bwana "kwa uso usiotiwa utaji". Anayekuambia kitambaa ndicho kinachoipitisha sala yako amechukua sindano na uzi, anashona alichokipasua Mungu. Hapo sina upole.

Makanisa hayafanani katika desturi hii. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwataka wanawake wafunike kichwa kanisani. Ile ya 1983 haina kanuni hiyo. Waorthodoksi wengi wanajifunika hadi leo. Kama kusanyiko lako lina desturi hiyo, ifuate ukiwa ibadani kwa ajili ya amani, wala usijione mtumwa. Nyumbani, jikoni, kitandani, sali ulivyo.

Lakini kikundi hicho, ningekuwa wewe, ningekaa nacho mbali kwa muda. Tafuta mwanamke mmoja mtu mzima, ikiwezekana aliyewahi kuzika mtoto, ukae naye hata bila kusali. Umwambie jina mlilokuwa mmemwandalia mtoto, kama lilikuwepo. Na nenda kwa daktari akueleze kilichotokea, maana kutoka kwa mimba ya miezi mitano kuna sababu zake mwilini na nyingine zinatibika. Hilo nalo ni kumcha Mungu.

Kitambaa usikirudishe kwa hasira. Kivae ukipenda. Usiku ukiamka ukakuta kimeanguka, kiache hapo hapo sakafuni, useme "Baba yetu", uendelee.