Miguu mizito na maji ya kifuani

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 46, nabangua korosho hapa Mtwara, kutwa nimekaa. Mishipa ya mguu wa kushoto imetokeza na kujisokota, jioni kifundo kinavimba. Shoga yangu kaniambia nikafanye mazoezi baharini Shangani. Yanasaidia kweli?

JIBU: Yanasaidia, mama, ila tuelewane: uvimbe na uzito hupungua, lakini mishipa iliyokwisha kujisokota hainyooshwi na maji. Vali zake, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi chini, zimelegea, damu inateremka badala ya kupanda.

Kwa kuwa mguu unaovimba ni mmoja, pimwa kwanza kwa ultrasaundi. Ukivimba ghafla, ukauma na kupata moto, huenda damu imeganda. Hapo usiende pwani, nenda Hospitali ya Ligula siku hiyohiyo. Mwenye kidonda kibichi asubiri kipone. Mgonjwa wa moyo amwulize daktari, maana maji husukuma damu nyingi kifuani.

Maji hubana kama soksi za tiba. Yakiwa na kina cha mita 1.2, kifundo hupata mgandamizo wa karibu milimita 90 za zebaki, nao hupungua kadiri unavyopanda mguu. Ukiishia maji ya magotini, paja halibanwi kabisa. Ingia hadi kati ya kiuno na kifua.

Tembea dakika 5 mbele, 5 kinyumenyume. Kisha simama, inua visigino mara 20, shusha polepole. Rudia mara tatu. Tafu ndilo pampu ya damu, kwa hiyo ukifika panapokuelesha, pampu imesimama. Mara tatu kwa wiki zatosha.

Chagua siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, palipokuwa kiunoni huweza kufika kifuani kwa nusu saa. Vaa yeboyebo: mwiba wa urumi kwenye mguu wa namna hii hupona kwa shida. Epuka vidimbwi vya saa sita mchana, joto hutanua mishipa.

Wengi huharibu wakishatoka. Mbano umeisha, damu inarudi chini, nao wamesimama wakipiga soga na kungoja bodaboda! Lala, miguu iwe juu ya usawa wa kifua kwa dakika 15, ndipo uvae soksi kama umeandikiwa.

Na kazini, kila nusu saa, inua visigino mara 20 hapohapo ulipokaa.