Kufunga kiyoyozi nyumbani: hatua ambayo mafundi huiruka

Viyoyozi vingi vinavyochuruzisha maji ukutani au kupoteza ubaridi baada ya muda mfupi viliharibiwa siku vilipofungwa. Kazi ya umeme na ya gesi ni ya fundi mwenye ujuzi, lakini mwenye nyumba akijua cha kutazama, hadanganyiki.

Kwanza ukubwa. Kwa chumba chenye dari ya kawaida, hesabu takriban BTU 600 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinatoshwa na BTU 9,000 au 12,000. Chukua ile kubwa kama kina dirisha linalopigwa na jua la mchana au kiko moja kwa moja chini ya paa. Usiongeze zaidi ya hapo. Mashine iliyozidi chumba hupoza haraka ikajizima kabla haijakausha unyevu, ukabaki na chumba baridi lakini chenye hewa nzito.

Kipande cha ndani hufungwa juu ukutani, kikiachiwa sentimita 15 hivi kutoka darini ili kivute hewa. Bamba lake lipimwe kwa pimamaji. Tundu la mabomba, kwa kawaida la milimita 65, litobolewe likiinamia nje kidogo, milimita 5 hadi 10. Mpira wa maji machafu upite chini ya mabomba ya shaba na ushuke mwanzo hadi mwisho. Ukipanda hata mahali pamoja, maji yatarudi chumbani. Kabla ya kuziba tundu, mimina lita moja ya maji kwenye trei ya ndani uone kama yote yanatoka nje. Jaribio hilo ni la dakika mbili, na kulikosa ndiko kunakoleta madoa ukutani.

Kipande cha nje kinataka hewa: angalau sentimita 15 nyuma na 60 mbele, au zaidi kama kitabu cha mashine kinavyosema. Ukikibana kwenye kona iliyozibwa, kitavuta tena joto lake chenyewe, na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, itaumia.

Sasa mabomba. Yakatwe kwa kikatio cha bomba, si kwa msumeno, kwa sababu unga wa shaba ukiingia ndani utafika kwenye kompresa. Wakati wa kukwangua makali, mdomo wa bomba utazame chini. Nati iingizwe kabla ya kutanua mdomo, kisha ikazwe kwa spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikikaza. Kukaza kupita kiasi hupasua mdomo wa shaba, na hapo gesi huvuja polepole bila mtu kujua. Spana yenye kipimo cha nguvu ni bora kuliko mkono wenye hasira. Kila bomba livishwe sponji yake, la nene na jembamba, vinginevyo yatatokwa jasho.

Hapa ndipo penye hatua inayorukwa, na hapa tunakuomba usimame kando ya fundi usiondoke. Ndani ya mabomba mapya mna hewa na unyevu. Mafundi wengine hufungua vali kidogo ili gesi isukume hewa nje, kisha husema kazi imekwisha. Usikubali. Unyevu unaobaki hufyonzwa na mafuta ya kompresa, hasa yale yanayotumika na gesi za R410A na R32, na huzaa asidi inayokula nyaya za ndani ya mota. Dawa yake ni pampu ya kuvuta hewa iendeshwe dakika 20 hadi 30, ikiwezekana mpaka geji ya kidijitali isome chini ya mikroni 500 (mikroni ni kipimo cha shinikizo la hewa iliyobaki). Kisha vali ya upande wa pampu ifungwe, pampu izimwe, na kila mtu asubiri dakika 10 au zaidi. Usomaji ukipanda na kuendelea kupanda, kuna mahali panavuja. Ukipanda kidogo ukatulia, bado kuna unyevu na pampu irudishwe kazini. Vali za kipande cha nje zifunguliwe baada ya hapo tu, kisha maungio yote yapakwe povu la sabuni.

Fundi akitaka kupima uvujaji kwa shinikizo, atumie naitrojeni kavu. Oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta huweza kulipuka. R32 nayo hushika moto, kwa hiyo pasiwe na sigara wala moto karibu. Gesi iliyomo tayari kwenye kipande cha nje hutosha urefu wa bomba ulioandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi mita 5 au zaidi kidogo. Nyongeza ipimwe kwa mizani, kwa gramu, si kwa kukisia.

Umeme uwe na laini yake kutoka kwenye bodi. Kwa BTU 12,000, nyaya za milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16 ndizo zinazotumika sana. Kitabu cha mashine kiwe mwamuzi. Waya wa ethi usikosekane, na waya wa kuongezea urefu usitumike.

Mwisho, washa kwenye ubaridi mkali kwa dakika 20, halafu pima joto la hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Bomba jembamba likiota barafu, huenda gesi ni pungufu, na fundi asilipwe mpaka apate panapovuja.