Swali la msomaji: Farasi wa Kiarabu avae hatamu gani akiongozwa kwa mkono uwanjani?

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni mtu wa Lamu, huu mwaka wa pili nafanya kazi ya usaisi katika banda la mtu binafsi nje kidogo ya Muscat. Mzee mwenye banda bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo humu ndani Kiswahili kinakwenda kama nyumbani. Mwaka huu anataka tupeleke farasi watatu wa Kiarabu kwenye maonesho, si wa kupandwa, ni wa kuongozwa kwa mkono tu: dume wa miaka saba, jike wa miaka mitatu, na jike mwingine aliyetimiza mwaka mmoja juzi. Ameagiza vitu viwili. Kimoja ni halta nyembamba ya maonesho, yaani mikanda ya kichwani isiyo na chuma cha mdomoni, ina cheni inayopita chini ya kidevu. Cha pili ni hatamu ya Kiingereza, ngozi pana, shaba kila mahali, na lijamu lake, kile chuma cha mdomoni. Moyo wake uko kwenye ile ya shaba. Mimi nimemjaribishia jike wa miaka mitatu ile nyembamba, lakini nikivuta kidogo ukanda wa upande wa kulia unapanda mpaka unagusa jicho. Tuchukue ipi? Na lijamu ni lazima?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Waswahili wengi neno hatamu tumelijulia kwenye siasa, enzi za "Chama kushika hatamu", na farasi mwenyewe tukamwona pichani. Wewe umetoka kwenye punda wa Lamu, ambao kipande cha kamba kinawatosha, sasa umekabidhiwa vichwa vya mamilioni. Usiogope. Jicho lililozoea punda linajua kutazama mnyama.

Nianze na jibu, sababu zitafuata. Ile hatamu ya shaba mwambie mzee aitundike ukutani sebuleni, itapendeza sana. Farasi wote watatu waende kwa halta ya Kiarabu, yaani ya namna ya ile nyembamba, ila isiwe halta moja ya kubadilishana. Lijamu, kwa hao majike wawili, hapana. Kwa dume, soma kwanza karatasi ya masharti ya maonesho mnayokwenda, kisha rudi kwenye maelezo yangu hapa chini.

Hatamu ya shaba si kitu kibaya. Ina kwao. Uingereza hutumika kwa madume wa Welsh Cob, farasi wa asili ya Wales, na jamaa zao, wanyama wenye kifua kipana na shingo nene, na shaba ile huwakaa kama mkanda mpana unavyomkaa mtu wa miraba minne. Huko kila aina ya farasi ina desturi yake: farasi wa kuwindia huvaa ngozi pana isiyo na urembo, farasi wepesi wa kupandwa huvaa nyembamba yenye ukanda wa rangi kwenye paji. Upana wenyewe una kazi. Ukanda mpana wa pua hukikata kichwa kirefu kikaonekana kifupi, ukanda mwembamba hukiacha kionekane kilivyo. Sasa kichwa cha farasi wa Kiarabu tayari ni kifupi, uso umebonyea katikati, jicho kubwa, pua nyembamba inayopanuka akivuta pumzi. Ukiweka ngozi ya vidole vitatu juu ya ule mbonyeo, umefunika kile kile ambacho jaji amekuja kukitazama. Kwenye maonesho yanayofuata kanuni za ECAHO, jumuiya ya Ulaya ya vyama vya farasi wa Kiarabu, kila kipengele hupewa alama hadi 20, na kichwa pamoja na shingo ni kipengele kinachojitegemea. Ukanda mnene wa koo nao unaziba pale kichwa kinapoungana na shingo, mahali ambapo wafugaji wenyeji wako hapo wanapaita mitbah. Muulize mzee, atakueleza kwa nusu saa.

Sasa jicho, maana hilo ndilo lililonifanya nijibu swali lako kabla ya mengine.

Ukanda unaopanda jichoni upande wa kulia wakati wewe umesimama kushoto hautokani na ubaya wa halta peke yake. Halta ni kama pete iliyozunguka kichwa. Ukivuta upande wa kushoto, pete yote inazunguka kukufuata, na ukanda wa shavu la kulia hauna pa kwenda isipokuwa mbele na juu, jichoni. Farasi akiguswa jicho atarusha kichwa, wewe utavuta zaidi kumtuliza, ukanda utaingia zaidi. Nimeona watu wakimwita farasi mkorofi kwa jambo hilo tu.

Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu. Kwanza ukanda wa koo. Kwenye hatamu ya kupandia tunauacha ulegee hadi ngumi au vidole vinne vipite, na wengi huja na mazoea hayo kwenye halta. Kwenye halta ya maonesho ukanda huo ndio nanga. Ukaze mpaka vidole viwili vipite kwa raha, si zaidi. Pili, ukanda wa pua. Kama unaweza kuuzungusha kwa kidole ukahama upande, ni mkubwa. Mpe fundi aongeze tundu kwa msharasi, au atoe kipande na kushona upya. Tatu, cheni imefungwaje. Nahisi umeifunga kwenye pete ya kushoto pekee. Ipitishe kwenye pete ya kushoto, ipite chini ya taya, itokee pete ya kulia, halafu irudi, ili ukivuta uzito ugawanyike pande zote mbili. Vipande vya cheni vilale bapa, visijisokote, maana cheni iliyojisokota haiachii.

Na kuachia ndiko muhimu kuliko kubana. Simama mbele ya kioo kama banda lina kioo, au mwambie mwenzako atazame: ukivuta kidogo cheni ibane, ukilegeza mkono ianguke yenyewe papo hapo. Ikibaki imebana, farasi hajui umefurahi naye wakati gani. Hajifunzi chochote, anavumilia tu.

Ukanda wa pua unakaa wapi? Papasa uso wake taratibu. Kuna mfupa wa shavu unaochomoza kama ukingo. Ukanda ukae vidole viwili chini ya mwisho wa ukingo huo, juu kuliko watu wengi wanavyodhani. Endelea kupapasa kushuka kuelekea puani, utafika mahali mfupa unapokuwa mwembamba halafu unaisha, kinachobaki ni gegedu laini. Hapo usiweke kitu kamwe, wala cheni wala ukanda. Ncha ya mfupa ule huweza kuvunjika, na ukibana gegedu umembana pumzi. Wapo wanaoshusha halta makusudi ili uso uonekane mrefu na mwembamba. Pichani inapendeza. Farasi akikimbia nayo mizunguko miwili utamsikia anavyokoroma.

Tuje kwenye lijamu.

Chuma kile hukaa kwenye ufizi mtupu, ile nafasi isiyo na meno kati ya meno ya mbele na magego. Jike wako wa miaka mitatu mdomo wake sasa ni kama jengo linalokarabatiwa. Meno ya mbele ya katikati huanza kubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi, na magego ya mwanzo ya utotoni hung'oka karibu na umri huo huo. Wengine pia wana kijino kidogo cha juu, mbele kabisa ya magego, kinachoitwa jino la mbwamwitu. Hakina kazi yoyote, lakini lijamu likikigonga utaona kichwa kinarushwa bila sababu unayoiona kwa nje. Kwa hiyo kama siku moja mzee atataka huyu jike azoeshwe lijamu kwa ajili ya kupandwa, daktari wa mifugo atazame mdomo kwanza. Kwa maonesho ya mkono haina haja.

Kwa dume hali ni tofauti kidogo. Maonesho mengi ya Uingereza hudai dume wa kuanzia miaka miwili avae lijamu, kwa usalama wa watu. Kwenye maonesho ya farasi wa Kiarabu, huko Ghuba na kwingineko, utaona madume wengi wakiongozwa kwa halta ya cheni tu. Karatasi ya masharti ikinyamaza, mtazame dume mwenyewe: je, ukimpitisha karibu na majike unamshika kwa mkono mmoja? Kama jibu ni ndiyo, halta. Kama unamning'inia kama tiara, basi mtie lijamu la kawaida, lisilo na vyuma virefu pembeni, na kamba yako usiifunge kwenye pete moja ya lijamu. Ukivuta pete moja, chuma kizima kinateleza kinywani kuja upande wako na pete ya pili inagonga shavu. Kuna kiunganishi cha vipande vitatu kinachoshika pete zote mbili pamoja na ukanda wa pua. Tumia hicho. Urefu wa lijamu upimwe likiwa kinywani, libaki kama nusu sentimita kila upande kati ya mdomo na pete. Farasi wengi wa Kiarabu huangukia kati ya sentimita 11.5 na 12.5, lakini usinunue kwa wastani wa wengine.

Yule mdogo wa mwaka mmoja nitampitia haraka. Halta ya ngozi laini, nyepesi, bila lijamu, na cheni afadhali iwe ya kufunikwa ngozi au kamba tupu. Kichwa chake kinakua, hivyo kila baada ya wiki mbili pitisha vidole kisogoni nyuma ya masikio uone kama kuna alama. Halta za nailoni usimwachie akiwa peke yake bandani. Akinasa kwenye msumari ngozi itakatika, nailoni haikatiki, kitakachokatika ni kingine.

Ngozi za huko kwenu zinakufa kwa jasho na joto, na hazifii pale unapopatazama. Mtu hukagua uso wa ukanda unaong'aa, kumbe ugonjwa uko kwenye mkunjo, pale ngozi inapozunguka bizimu au pete na kushonwa. Fungua kila bizimu. Kunja ngozi kwa kidole gumba, nje na ndani. Ukiona mistari midogo kama ya udongo uliokauka, hiyo imekwisha. Kisha kwaruza uzi wa mshono kwa ukucha. Ukitoa unga, umeoza. Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa kijana, saisi wa pili katika banda moja Nairobi, tukaenda kwenye maonesho na dume mwekundu mwenye hatamu niliyoipaka mafuta usiku kucha hadi ikawa kama kioo. Mbele ya majaji alirusha kichwa mara moja tu, mshono wa shavu la kushoto ukaachia, nikabaki na hatamu mkononi na farasi akiwa anakula maua ya meza ya wageni. Mafuta yalikuwa yameficha uzi uliooza. Tangu siku hiyo napaka sabuni ya ngozi kidogo kidogo, na mafuta ni baada ya kukagua, kamwe si kabla.

Rangi ni shauri la macho. Farasi mweupe hupendeza kwa ngozi nyeusi, mwekundu kwa kahawia. Vito na fedha vichache kwenye shavu sina ugomvi navyo, ila visiwe vizito kiasi cha kuuvuta ukanda.

Halta mpya avae kuanzia wiki tatu kabla, dakika kumi kumi, ndani ya banda kwanza, halafu nje kwenye vishindo. Mkono wako wa kulia ushike kamba karibu na kidevu ikiwa imelegea, wa kushoto ushike mkia wa kamba ukiwa umekunjwa mkunjo wa bapa. Usiizungushe kiganjani. Nawajua wanaume wawili waliopoteza vidole hivyo. Na wakati wa kumsimamisha jaji atazame, vuta kuelekea mbele ya pua yake, wala usivute kwako. Utaona hata lile jicho la kulia linapona.

Kabla mzee hajaagiza halta za dume na mtoto, nipimie kila kichwa kwa futi ya fundi cherehani: kutoka pembe ya mdomo kupanda kisogoni nyuma ya masikio hadi pembe ya pili, mzunguko wa pua hapo vidole viwili chini ya mfupa, na mzunguko wa koo ukipitia kisogoni. Na kwa dume, endapo atavaa lijamu, ongeza upana wa paji kutoka nyuma ya sikio hadi nyuma ya sikio. Farasi wa Kiarabu wana mapaji mapana kuliko saizi ya vichwa vyao. Ukanda wa paji unaokuja na hatamu ya saizi yao huwa mfupi, unavuta ngozi ya kisogoni mbele mpaka inakata mizizi ya masikio, hivyo mara nyingi kipande hicho hununuliwa peke yake, saizi moja juu. Niandikie kwa sentimita, usinikadirie.