Majibu ya CRP si Hukumu ya Kifo

Mwezi Julai 2021, tulipomlaza baba mdogo kwa UVIKO-19 katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, niliipiga picha karatasi ya majibu ya damu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla daktari hajapita wodini. CRP, kipimo cha damu cha mchochota, ilisomeka 148, na pembeni maabara ilikuwa imeandika kwamba kiwango cha kawaida hakizidi 10. Kufikia magharibi, shangazi wa Mbagala alikuwa ameshaulizia gari la kupeleka msiba Kilosa, na mgonjwa mwenyewe yuko kitandani anadai uji.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale kinga inapopambana na maradhi na kuleta mchochota (uvimbe na joto la tishu zinazojilinda) mwilini, na kinacholiamsha ini ni hasa kemikali ya kinga iitwayo interlukini-6. Kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa, madaktari huisoma pamoja na feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini, na vilevile D-dima, ambayo kwa hakika huonyesha kuvunjwa kwa mabonge ya damu. Vipimo hivi vina maana. Utafiti wa wagonjwa 191 wa Wuhan, uliochapishwa Machi 2020, uliona kwamba waliolazwa wakiwa na D-dima iliyozidi mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa; lakini utafiti huo huo ulitaja pia umri mkubwa na kuzorota kwa viungo. Hatari ya kundi haikwambii nani katika kundi hilo atakayekufa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kumwuliza daktari kama kipimo kitarudiwa, na lini. CRP hupungua kwa nusu katika muda wa saa 19 hivi ini likiacha kuizalisha, ndiyo maana mwelekeo wa siku mbili tatu una uzito kuliko namba ya siku ya kwanza. Ya baba mdogo ilishuka hadi 61 siku ya tano, ila daktari hakuonekana kufurahi mpaka alipoona kwamba oksijeni imepunguzwa kutoka lita 10 hadi 4 kwa dakika na mgonjwa bado anapumua vizuri. Mkihamishiwa hospitali nyingine, bebeni karatasi zote na mwangalie vipimio, yaani uniti zinazoandikwa baada ya namba, kwa sababu maabara hutofautiana katika kuandika D-dima, na namba inayoonekana kupanda yaweza kuwa imebadilishiwa kipimio tu.

Jambo jingine ni deksamethazoni, dawa ya steroidi inayotuliza mchochota. Binamu yangu alitaka kuinunua duka la dawa kwa ajili ya mkewe, aliyekuwa nyumbani Tabata na homa, akisema kwamba ndiyo iliyomponya baba mdogo. Jaribio la dawa za UVIKO-19 la Uingereza liitwalo RECOVERY, ambalo matokeo yake yalitangazwa Juni 2020, lilionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takribani moja ya tano miongoni mwa waliohitaji oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Tulimpima shemeji oksijeni kidoleni, ikawa asilimia 97, na dawa haikununuliwa.