Shangazi, tiketi ya Muscat mbona inapanda kila nikiifungua?

Shangazi, shikamoo. Dada yangu amejifungua Muscat, nataka nimfuate kabla ya Ramadhani. Kwenye simu nimeona tiketi rahisi ya vipande viwili: Dar–Dubai shirika moja, Dubai–Muscat shirika jingine. Kila nikifungua, bei imepanda. Jirani anasema simu imeshanijua shida yangu. Nikate?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuwa mama mdogo.

Jirani mwambie simu haina kosa. Viti vya ndege moja huuzwa kwa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. La chini likiisha, linafuata la juu. Wakati wewe unamuuliza jirani, mwenzio kalipa.

Vipande viwili ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Hizo ni tiketi mbili, si moja. Dubai utapita uhamiaji, uchukue begi, ujisajili upya; kwa pasipoti ya Tanzania hapo unahitaji viza ya Imarati. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikujui. Tena tiketi za bei ya chini mara nyingi hazina kilo za begi la kupakiwa, nawe huendi kwa mzazi mikono mitupu. Jumlisha yote hayo, ndipo ulinganishe na ndege ya moja kwa moja, ya Dar na ya Zanzibar. Bei uzitafute popote, ila kalipe kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Siku ya kubadilisha tarehe hutataka kumsaka dalali.

Halafu saa. Mimi nimekaa kaunta ya tiketi miaka 11, na bado ziliniponza. Tiketi yangu iliandikwa 00:45, tarehe 9. Nikafika uwanjani tarehe 9 jioni, nimesukwa, na mfuko wa dagaa mkononi. Ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo! Binti wa kaunta alinitazama vilevile nilivyokuwa nikiwatazama wateja wangu. Na ukiona 02:30, hiyo ni saa nane na nusu usiku.

Ukilipa utaletewa msimbo wa herufi na tarakimu, jumla yake 6. Huo ni wa kushika nafasi tu. Tafuta namba ya tiketi, tarakimu 13. Kwa mashirika mengi, bila hiyo hujakata kitu. Jina liwe la kwenye pasipoti, hata kama Ngamiani nzima inakuita Mama Fulani.