Nikae nipumzishe magoti, au ndiyo nayamaliza?

Swali: Nina miaka 47, nipo Mbagala. Nimekuwa konda wa daladala miaka 14. Tangu mwaka juzi nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa, nakaa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Uzito umepanda kutoka kilo 78 hadi 95. Magoti yamekakamaa, nikiinuka yanalia ko-ko, na msikitini kunyanyuka kutoka sijida mpaka nishike ukuta. Jirani anasema ute umekauka, nile bamia na supu ya makongoro, halafu niyapumzishe. Sasa mtu wa kukaa kutwa nzima, apumzike vipi tena?

Jibu: Kaka, hilo swali lako la mwisho limebeba nusu ya jibu. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kutibu viungo na misuli kwa mazoezi. Sijakushika goti kwa hiyo siwezi kukuambia lina nini hasa, ila maelezo yako nayasikia karibu kila wiki, na mara nyingi kutoka kwa mtu aliyebadilisha kazi ya kusimama akapata ya kukaa.

Tuanze na huo ute. Upo kweli, ila hautoki kwenye bamia. Unatengenezwa na utando mwembamba ulio ndani ya kiungo chenyewe. Utelezi wa bamia ukifika tumboni unasagwa kama chakula kingine, hauna njia ya kuteleza mpaka gotini. Bamia kula tu, ni mboga nzuri. Makongoro, kwa uzito huo na yale mafuta yanayoelea juu ya bakuli, ningekuomba uyapunguze.

Sasa tazama ncha ya mfupa wa kuku ukishamaliza nyama: ile sehemu nyeupe, laini, inayoteleza. Hilo ndilo gegedu, na wewe unalo gotini. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute, na linakipata kwa kukamuliwa. Chukua dodoki lililolowa, libane, maji yanatoka. Liachie ndani ya beseni, linanyonya mengine. Kila hatua unayopiga goti linabanwa na kuachiwa namna hiyo hiyo. Ukikaa saa nne mfululizo, dodoki limelala tu. Ndiyo maana hatua za kwanza ukitoka kibandani ni za mateso, ukifika kona ya pili unaona afadhali.

Halafu kuna misuli ya mbele ya paja. Wewe mtu wa magari utanielewa: hizo ndizo shokapu za goti. Usipozitumia zinanyong'onyea, na mtikisiko wote unaishia kwenye mifupa. Juu ya hapo umeongeza mzigo. Utafiti mmoja wa Marekani kwa watu wanene wenye magoti mabovu ulikuta kila kilo moja mtu anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua. Zako ni 17, piga hesabu mwenyewe.

Nikisoma habari yako nimemkumbuka daktari Jerry Morris wa Uingereza. Mwaka 1953 alichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva na konda walikuwa kwenye basi lile lile, njia ile ile. Dereva amekaa, konda anapanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Ugonjwa wa moyo uliwashika madereva zaidi. Baadaye akapekua hadi saizi za suruali za sare, na viuno vya madereva vilikuwa vinene zaidi. Lakini hata dereva mwembamba hakuwa salama kama konda. Wewe umetoka mlangoni ukaenda kukaa kiti cha dereva. Kwa hiyo kabla ya magoti, kapime presha na sukari. Misuli ya miguu inakula sukari nyingi, ikilala sukari inabaki kwenye damu.

Cha kufanya, mwite fundi ainue meza yako, nusu ya siku uhudumie wateja umesimama. Kwenye ile nusu ya kukaa, usipitishe nusu saa hujainuka. Kiti cha plastiki kiegemeze ukutani, mikono kifuani, inuka na kukaa mara 8, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Kushuka nako kunajenga, kwa hiyo shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, usijibwage. Ukirudi nyumbani shuka kituo kimoja kabla. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo wa haraka haraka kwa wiki. Anza na 10 kwa siku.

Yatauma kidogo. Maumivu yakitulia kufikia kesho yake, endelea. Yakizidi, punguza idadi, usiache. Mlio wa ko-ko usio na maumivu hata usikunyime usingizi. Kinachonitisha mimi ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, inayomezwa mwezi mzima kama pipi. Inachimba vidonda tumboni, inachosha figo na kupandisha presha.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo goti likivimba na kuwa la moto ukiwa na homa, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma. Goti likijifunga lisinyooke, au viungo vikikakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima, vidole vya mikono vikiwemo, usikae navyo pia. Hiyo ni habari nyingine.

Leo jioni weka simu sekunde 30, hesabu unainuka mara ngapi kitini bila kutumia mikono, uandike kwenye daftari la miamala. Baada ya wiki sita rudia, kisha niandikie namba zote mbili.