Barua kwa mwanangu mwalimu: usianze na kwata

Mwanangu,

Meseji yako niliiona juzi usiku nikasema hii siwezi kuijibu nimelala kitandani na vidole viwili, ngoja nikae chini niandike. Huku Kigoma tupo salama, mvua zimeanza, baba yako goti linamsumbua ila bado anabishana na kila mtu pale Kibirizi kwaiyo ujue ni mzima.

Umeniuliza ivi, kwamba huko Tabora mkuu wa shule kakupa vipindi viwili vya jioni kila wiki uwafundishe kidato cha tatu misingi ya kazi ya polisi, na wewe ni mwalimu wa historia hujawahi hata kushika pingu. Ukasema umesoma kwamba Marekani kuna shule za sekondari wanalifundisha kama somo kabisa, wanatengeneza eneo la tukio la kuigiza na kuchukua alama za vidole, na Uingereza wana makadeti wa polisi wa umri wa hao hao wanafunzi wako. Afu swali lenyewe: "mama nianze na kwata au na vyeo?"

Usianze na kwata, kule kupiga gwaride, na vyeo pia achana navyo, watavikariri wenyewe kwa dakika kumi kuanzia konstebo mpaka IGP, mkuu wa polisi wote. Anza na kalamu. Mimi nimekaa jeshi la polisi miaka 31, bunduki nimeishika lindoni, pingu mara moja moja, ila kalamu kila siku ya Mungu. Mtu anakuja kaunta analia, unaandika, unampa RB, ile namba ya taarifa yake. Kaja anavuja damu, unamjazia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, awahi hospitali. Umekamata mtu unaandika, umeokota kisu unaandika umekiokota wapi, saa ngapi na umemkabidhi nani, na hiyo kesi itakapofika mahakamani wewe unaweza ukawa umeshahamishiwa Mtwara, karatasi yako ndo itakayokuwa inaongea.

Hili nimelijua kwa aibu, na sijawahi kukuhadithia.

Nilikuwa WP, yaani askari wa kike, mpya kabisa, nimetoka chuoni Moshi miezi michache tu, mtoto wa Kondoa ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni mto ukijaa masika, nikapangiwa Kigoma. Ikaibiwa injini ya boti usiku kwenye mwalo mmoja huku, pale mitumbwi inapotia nanga, sitautaja. Mlinzi wa pale akaja akasema nimemwona mwizi, ni fulani, nimemwona vizuri kabisa maana mwezi ulikuwa unawaka kama taa. Mimi na hati yangu nzuri nikaandika neno kwa neno, "nilimtambua kwa mwanga wa mbalamwezi", nikamsomea, akaweka sahihi, nikajiona nimemaliza. Yule mtu akakamatwa, hakupata wa kumdhamini, akakaa mahabusu miezi saba.

Siku ya kesi hana wakili, ni mvuvi tu, amevaa shati moja kubwa la kuazima. Hakimu akamwambia una maswali kwa shahidi? Akasema ninayo matatu. Usiku huo wenzetu walikuwa wapi? Shahidi akasema walikuwa ziwani. Wanavua nini? Dagaa. Akanyamaza kidogo, afu akauliza: tangu lini dagaa wa Kigoma wakavuliwa na mbalamwezi?

Mahakama nzima ikacheka mpaka karani. Mimi nimekaa pale sijui wanacheka nini mwanangu, sijui! Kumbe kila mtoto wa huku anajua kwamba dagaa wanavuliwa kwenye giza, taa ndo zinawavuta, mwezi ukiwa mkubwa watu wanapumzika wanashona nyavu. Kama mitumbwi ilikuwa majini usiku ule basi huo mwezi wa kumulika sura ya mtu ulitoka wapi? Na hapo ndo ikajulikana kumbe mlinzi na yule jamaa walikuwa na ugomvi wa zamani wa wavu. Jamaa akaachiwa siku ile ile. Baba yako ndo alikuja kunieleza mambo ya giza na mbalamwezi baadae, wakati huo hata hatujaoana, lakini kesi ilikuwa imeshakufa na miezi saba ya mtu imeshaliwa.

Kinachoniuma ni kwamba darasani hilo somo nililifaulu. Mahakama ya Rufani ilishayasema hayo tangu 1980 kwenye kesi ya Waziri Amani, kwamba shahidi akisema nimemtambua mtu usimmeze hivo hivo, muulize ulimwona kwa muda gani, ukiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, kuna kitu kilikukinga, ulikuwa unamjua kabla. Niliyakariri, nikayaandika kwenye mtihani, afu nikafika mwaloni nikayasahau yote kwa sababu mlinzi mwenyewe alikuwa anaongea kwa uhakika.

Miaka kama miwili baadae nikakutana na yule jamaa sokoni Mwandiga, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba afande, akanitazama, akasema, siku hizi mwezi unauona?

Kwaiyo siku ya kwanza fanya hivi. Ingia darasani fundisha historia yako kama kawaida, ila umeshapanga na mama wa jikoni aingie bila hodi, achukue boksi la chaki mezani, aseme neno moja kwa sauti ya chini, atoke. Wewe endelea kufundisha kama hakuna kitu. Zikipita dakika kumi gawa karatasi, waambie waandike walichokiona, marufuku kuongea na jirani. Nilifanya hivo shule moja huku nilipokuwa kwenye polisi jamii, wanafunzi 43, na yule mama alivaa kitenge cha kijani. Zaidi ya nusu waliandika chekundu! Mmoja kaandika alikuwa na kapu, hakuwa na kapu. Wengi wameandika "aliiba chaki". Nikawauliza nani kawaambia kaiba? Mlichokiona ni kwamba kachukua, kuiba ni maneno yenu mmeyaongeza, na hayo ndo maneno yanayompeleka mtu mahabusu.

Kulikuwa na binti kakaa nyuma kabisa, kaandika mistari minne. Mama ameingia kwa mlango wa mbele. Amechukua boksi kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto sijauona kwa sababu meza ya mwalimu imenikinga. Amesema neno lakini sijalisikia. Nikaisoma mbele ya darasa, wenzake wakamcheka wakisema hajaona kitu. Nikawaambia huyu ndo ningempeleka mahakamani kesho asubuhi na nikalala usingizi.

Kuanzia hapo wafundishe kugawa ukurasa mara tatu, nimeona, nimesikia, nadhani. Wakae na hilo hata wiki tatu, wataanza kulalamika wanataka alama za vidole, waache walalamike kwanza.

Ukifika kwenye vidole hauhitaji maabara. Wachore na penseli laini karatasini mpaka pawe peusi, wasugue kidole hapo, wakibandike selotepu, waihamishie kwenye karatasi nyeupe. Wataona aina tatu, kuna upinde, kuna kitanzi na kuna duara, na mkihesabu vidole vya darasa zima mtakuta vitanzi vimezidi nusu. Kama una mapacha darasani wawekeni mbele, sura moja lakini vidole tofauti, hapo watapiga kelele. Na wewe wa historia una hadithi yako, Argentina mwaka 1892, mama alisema jirani ndo kawaua watoto wake wawili, kumbe alama ya kidole chenye damu iliyobaki mlangoni ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Kuna maneno pia lazima uyanyooshe mapema maana vijana wetu kila anayekimbia barabarani kwao ni mwizi. Akiwa bado kituoni polisi huyo ni mtuhumiwa, akifikishwa mahakamani akasomewa shtaka ni mshtakiwa, na mfungwa ni mpaka hakimu aseme. Katiba ibara ya 13(6)(b) imekataza kumtendea mtu kama mwenye kosa kabla halijathibitika, wasomee yenyewe, wasikilize. Waambie ukimkamata mtu unamwambia sababu, kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 imeweka saa 4 za kumhoji, ukitaka kuongeza kuna utaratibu wake, na kuna saa 24 za kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana kama kosa linadhaminika. Na dhamana ni bure, hilo liandike ubaoni kwa herufi kubwa.

Hapo atanyoosha mkono mmoja, yupo kila darasa, atauliza mwalimu kwani polisi wanafuata hayo yote? Usimdanganye. Mwambie wengine wanafuata wengine hawafuati, na mama yako aliwahi kuandika mwezi ambao haukuwepo. Ukianza kutetea kila kitu umewapoteza, hao watoto wana wazazi wanaoendesha bodaboda, wanajua kinachotokea barabarani kuliko mimi na wewe.

Sasa kitu ninachokiogopa zaidi. Hilo darasa lako la jioni lisije likageuka kikosi cha kumpelekea mkuu habari za nani ana simu bwenini na nani aliruka ukuta. Itaanza taratibu tu, mwalimu wa zamu atakwambia vijana wako si wapelelezi, watusaidie kidogo. Kataa siku hiyo hiyo. Ukikubali mara moja hakuna mtoto atakayewaamini tena hao, na wao watajifunza kwamba upolisi ni kuchongea wenzako ili upendwe na wakubwa, na mtu wa namna hiyo nimefanya naye kazi, hafai hata kaunta.

Ukitaka mgeni usiombe FFU, wale wa kutuliza ghasia, waje na mabuti wawarukie ukuta, japo watashangilia sana. Omba askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, kituo chenu hapo Tabora wanaye, aje akae na mabinti na wavulana, aseme mtoto akifanyiwa ubaya aanzie wapi, kwamba kuna namba ya simu 116 ya watoto haina malipo na 112 ya dharura. Kwenye darasa la watoto arobaini kuna mmoja hilo analihitaji leo, na hatonyoosha mkono, kwaiyo namba uziache ubaoni muda mrefu.

Kwata fanyeni mwisho wa muhula, siku ya wazazi. Mkuu atafurahi.

Ile notibuku yangu ya zamani uliyoiomba ya kuwaonyesha siipati, nadhani baba yako kaifanyia hesabu za nyavu. Ila nimemkabidhi mtoto wa jirani kifurushi anakuja nacho na treni, dagaa kilo mbili na mawese kidumu cha lita tano, kimejaa mpaka shingoni na nimekifunga na mpira mweusi. Ukipokea niandikie saa uliyopokea, mpira bado upo au haupo, na mafuta yamefika wapi. Mara ya mwisho ulisema "yamepungua kidogo mama". Kidogo ndo ngapi?

Mama yako